Mwacheni kitinda mimba wetu asome hesabu za pesa!

Najua blogu imelala muda mrefu, na wengine mmeshaanza kunitania eti dada kanogewa na halua ya Maskati kasahau kwao. Hahaha, hapana jamani, ni zamu tu! Nimemaliza usiku nne mfululizo, nimerudi chumbani kwangu hapa Wattaya, nimekunywa chai ya karak, na badala ya kulala nimekaa kuandika. Nina dukuduku. Na dukuduku lisipotoka hugeuka jipu, sisi wauguzi tunalijua hilo.

Leo sina picha za ufukweni wala habari za bei ya tende. Leo nagombana. Na ninaogombana nao ni nyinyi nyinyi mnaosoma hapa, kwa hiyo mnisamehe mapema.

Kwa wale ambao hamumo kwenye kundi letu la familia, kisa ni hiki. Kitinda mimba wetu amemaliza digrii yake ya kompyuta, amepata nafasi ya kusoma uzamili, na anasema hataishia hapo. Anataka kwenda mpaka PhD, kisha afundishe na kufanya utafiti chuo kikuu. Fani yenyewe ni hesabu za fedha kwa kompyuta na akili mnemba, yaani ile akili bandia inayozungumzwa kila redio siku hizi. Alipoweka habari hiyo kundini, nilitegemea vigelegele. Nikakuta msiba!

Mjomba akaandika: "Profesa wa pesa asiye na pesa, ya nini?" Baba Mdogo akasema hizo ni hesabu za riba na riba ni haramu. Shangazi mmoja akakumbusha umri wa mtoto wa kike. Binamu yangu akasema akili mnemba yenyewe itamnyang'anya kazi kabla hajavaa joho. Na mwisho wakakubaliana wote, kama vile kikao kimefungwa: "Dada, mtafutie viza aje huko, hata kaunta ya duka la kubadilisha fedha si mbaya."

Jamani! Hivi tunajua tunachokikataa?

Twende taratibu. Mnalikumbuka daftari la dukani pale Ngamiani? Mwenye duka alikuwa anajua nani alipe mwisho wa mwezi, nani hakopeshwi hata kiberiti. Alikujua wewe, alimjua mama yako, na akikuonea unakwenda kumweleza. Sasa lile daftari limehamia kwenye kompyuta. Kule Kenya, Safaricom na benki ya CBA walianzisha M-Shwari Novemba 2012. Mtu ambaye hajawahi kuingia benki akawa anakopa kwa simu, bila dhamana na bila kuonana na mtu. Kompyuta inaangalia anavyonunua vocha na anavyotumia pesa za simu, inampa alama, na alama hiyo ndiyo inasema akopeshwe au asikopeshwe, na kiasi gani. Ada ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Inaonekana ndogo, sivyo? Haya zidisha mara 12. Ni asilimia 90 kwa mwaka!

Hiyo ndiyo fani ya mdogo wetu. Si kuhesabu noti kaunta. Ni kuhoji: ile alama imetoka wapi? Imepima nini? Imemwonea nani? Kuna upande mwingine wa fani hiyo, wa masoko makubwa ya hisa huko duniani ambako kompyuta zinanunua na kuuza haraka kuliko mtu anavyopepesa jicho. Mei 6, 2010 soko la New York lilidondoka karibu pointi 1,000 kwa dakika chache tu kisha likainuka, na mashine hizo zilichangia kwa kiasi kikubwa. Wataalamu walihitaji miezi kadhaa kueleza kilichotokea. Lakini mimi linalonigusa zaidi ni la mama muuza vitumbua.

Niseme kama muuguzi. Wodini sisi pia tunawapa wagonjwa alama. Unapima pumzi, oksijeni, joto, presha, mapigo ya moyo, unaangalia fahamu, unajumlisha. Alama zikipanda unamwita daktari hata kama ni saa tisa usiku. Mfumo mmoja maarufu wa namna hiyo ulitolewa mwaka 2012 na Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza. Uzuri wake ni kwamba karatasi iko wazi. Naweza kuonyesha kwa kidole kwa nini mgonjwa wangu amepata 7. Naweza kubisha. Naweza kusema huyu alama zinadanganya, mwangalieni usoni. Je, shangazi yako akinyimwa mkopo na simu, anabishana na nani?

Na msidhani kompyuta haionei. Mwaka 2019 Dr. Ziad Obermeyer, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, na wenzake, walichapisha utafiti katika jarida la Science uliotikisa hospitali za Marekani. Walichunguza programu iliyokuwa ikichagua wagonjwa wanaostahili uangalizi wa ziada. Wakagundua haikupima ugonjwa, ilipima PESA. Ilidhani aliyetumia fedha nyingi za matibabu ndiye mgonjwa zaidi. Sasa weusi kule, kwa kukosa nafasi ya kutibiwa sawasawa, walikuwa wakitumiwa fedha kidogo hata wakiwa wagonjwa zaidi. Kwa hiyo mashine ikawaona wazima! Watafiti walisema kosa hilo likirekebishwa, sehemu ya weusi miongoni mwa wanaopewa huduma ile ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Someni tena tarakimu hizo, taratibu. Hapakuwa na mtu mbaya aliyekaa akasema tuwanyime weusi. Ilikuwa ni hesabu tu, hesabu mbovu iliyovaa suti nzuri. Na nani aliyeifunua? Si mwenye programu. Si aliyeinunua. Ni watu wa chuo kikuu, ambao mshahara wao haukutegemea programu ile iendelee kuuzwa.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Shangazi (si yule wa umri wa mtoto wa kike, ni mwingine) ameniruhusu nilisimulie hili mradi nisimtaje. Mwaka juzi alikopa kwa programu ya simu. Aliomba 50,000. Ikaingia 35,000, eti nyingine ni ada. Akatakiwa arudishe 50,000 kamili baada ya siku saba. Pigeni hesabu: 15,000 juu ya 35,000, ni karibu asilimia 43 kwa WIKI MOJA! Akachelewa siku mbili. Nikiwa zamu ya usiku huku Maskati simu yangu ikaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Mwambie ndugu yako alipe, ni mwizi." Walikuwa wamezoa namba zote zilizomo kwenye simu yake. Imamu alipata. Mwalimu wa mwanawe alipata. Wateja wake wa vitumbua walipata. Shangazi alikaa ndani wiki mbili kwa aibu, na mimi nililipa.

Nyumbani tunaita kausha damu. Jina lenyewe limetoka kwa watu, halikutoka kwenye kitabu, na kwa mtu wa kazi yangu ni jina la kutisha maana damu naijua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuyafungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila idhini. Kenya walianza mapema kidogo: sheria ya kuwaweka wakopeshaji wa namna hiyo chini ya Benki Kuu yao ilipitishwa Desemba 2021, na kanuni zake zikatoka Machi 2022. Ni hatua nzuri, napongeza. Lakini kufungia ni kama kukata mguu. Aliyefungiwa leo kesho anakuja na jina jipya. Nataka mtu anayejua ugonjwa! Mtu wa kukaa na hizo programu, kuzijaribu, kuonyesha kwa tarakimu kwamba hii inamkamua mjane na ile inamsaidia, kisha kuisimamisha tarakimu hiyo mbele ya Bunge na Benki Kuu bila kuogopa kufukuzwa kazi.

Maana zipo zinazosaidia pia, tusiseme uongo. Profesa Tavneet Suri, Mkenya anayefundisha MIT kule Marekani, pamoja na mwenzake William Jack, walifuatilia kaya za Kenya kwa miaka mingi. Mwaka 2016 wakatoa matokeo: huduma ya M-Pesa ilikuwa imezitoa kaya kama 194,000 kwenye ufukara, sawa na asilimia 2 ya kaya za nchi ile, na walionufaika zaidi walikuwa zile zinazoongozwa na wanawake. Bila watu kama hao tungebaki na matangazo ya kampuni upande mmoja na manung'uniko yetu upande wa pili. Ukweli ungepatikana wapi?

Ndugu zangu, hili si la leo. Mnajua kwamba kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa mwaka 1965, na iliwekwa Wizara ya Fedha? Tangu mwanzo kompyuta kwetu ilikuja kwa ajili ya hesabu za pesa. Wataalamu wakawa wageni. Mpango wa kuhamishia mahesabu ya serikali kwenye kompyuta ukaharibika, fedha zikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku kabisa! Siwalaumu wazee, waliumwa na nyoka wakaogopa ung'ongo. Lakini angalieni tulivyofanya: mashine ilitushinda, tukafunga mlango, na badala ya kulea watu wetu wa kuielewa tukasubiri wengine waielewe kwa niaba yetu. Sasa mashine imerudi, safari hii imeingia hadi kwenye mkoba wa Shangazi, na sisi tunamwambia mtoto anayetaka kuielewa kwamba aje kukaa kaunta Maskati!

Haya, nijibu hoja moja moja.

Mjomba wangu, shikamoo. Ni kweli mshahara wa mhadhiri haujengi ghorofa. Mdogo wetu akiingia kampuni ya mikopo huenda akalipwa mara tatu. Hilo ndilo linalonitisha. Mwaka 1997 Robert Merton na Myron Scholes walipata tuzo ya Nobel kwa kanuni za kukadiria bei za mikataba ya masoko ya fedha. Wote wawili walikuwa washirika katika mfuko wa uwekezaji ulioitwa Long-Term Capital Management. Mwaka uliofuata, 1998, mfuko huo ukaanguka vibaya hata taasisi 14 za fedha zikabidi zichange kama dola bilioni 3.6 kuzuia usiwaangukie wengine. Mtaniambia, si umeona, maprofesa wenyewe wamefilisi! Ndiyo, nimeona. Na nilichojifunza ni kwamba hata mwenye Nobel anahitaji mtu wa nje wa kumkagua. Muuguzi hajikagui mwenyewe dawa za hatari, tunakaguana wawili. Profesa asiye na hisa kwenye mchezo ndiye yule muuguzi wa pili.

Baba Mdogo, riba ni haramu, sawa, sibishani na wewe kwenye dini. Lakini anayesomea kipindupindu si kwamba anakunywa kipindupindu. Oman hapa walikuwa wa mwisho kati ya nchi za Ghuba kuruhusu benki za Kiislamu, uamuzi ulitangazwa 2011 na Bank Nizwa ikafungua milango Januari 2013. Kwetu Amana Bank ilianza 2011. Mnadhani nani anakaa kupiga hesabu za kugawana faida na hasara, ili watu waepuke riba kwa vitendo na si kwa maneno? Ni wasomi wa fani hiyo hiyo! Ukimzuia mtoto wetu umewaachia hesabu hizo walaji riba.

Shangazi wa umri, mimi nina miaka thelathini na kitu na bado mnaniuliza mchumba, kwa hiyo hili tuliache, hahaha. Sema tu kwamba mwanamume atakayekimbia kwa sababu mke ana PhD, mwacheni akimbie, tena mpeni nauli.

Na binamu, wewe unayesema akili mnemba itamnyang'anya kazi. Atakayenyang'anywa mapema ni wa kaunta, si anayeichunguza mashine. Tena usidhani fani hii ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika wa sayansi ya data walikutana Nyeri, Kenya, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na mwaka 2017 wakakutana kwetu Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela. Mwaka 2019 mamia ya vijana wa Afrika wa akili mnemba walijaa Nairobi kwenye mkutano wa Deep Learning Indaba. Makerere wametengeneza programu ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya simu, na vifaa vya kupima hewa chafu. Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon. Dr. Timnit Gebru aliyezaliwa Addis Ababa, pamoja na Joy Buolamwini, walionyesha mwaka 2018 kwamba programu za kutambua jinsia kwa picha ya sura zilikuwa zikikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, wakati kwa wanaume weupe kosa halikufika hata asilimia 1. Baadaye Gebru akaajiriwa Google, akagombana nao juu ya makala ya kitafiti, na mwisho wa 2020 akatoka, akaenda kuanzisha taasisi yake ya utafiti. Mnaona tofauti ya kula kwa mwenye mashine na kula kwako?

Limebaki la viza. Hili ndilo gumu, kwa sababu linanihusu.

Mnapoangalia picha zangu mnaona barabara safi ya Sultan Qaboos na maduka ya magari ya Wattaya yanang'aa usiku. Mnasema, mbona wewe umefanikiwa? Namshukuru Mungu, sikatai. Nimesomesha watu kwa riali hizi. Lakini mimi nimekuja na digrii yangu ya uuguzi, na bado nipo kwa mkataba. Oman wana sera ya kuwapa wenyeji kazi kwanza, wauguzi wao wanaongezeka kila mwaka, na siku yangu ikifika nitafunga sanduku. Siwalaumu. Wamesomesha watu wao, ndivyo inavyotakiwa!

Jirani yangu hapa ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kinanirudisha nyumbani kila nikikisikia ngazini. Alikuja miaka ya sabini na cheti chake cha ualimu. Ananiambia wakati Sultan Qaboos anashika nchi mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na shule tatu tu. Waliorudi kutoka Zanzibar na Afrika Mashariki wakiwa wamesoma ndio waliokaa maofisini, madarasani na hospitalini, kwa sababu mwenye elimu hakuwepo mwingine. Mwaka 1986 Oman wakafungua chuo kikuu chao, na sasa watoto wa hapa wanafundishana wenyewe. Nilipomweleza ugomvi wetu wa kundini alicheka, akasema: "Mwanangu, nyie mnataka kumtoa mvuvi baharini aje kuuza samaki wa kopo."

Basi uamuzi wangu ni huu, na nauandika hapa hadharani ili nisiweze kurudi nyuma. Sitamtafutia mdogo wangu viza. Zile fedha nilizokuwa naweka kwa ajili ya kiwanja cha Pongwe, ambazo baadhi yenu mmeshazipangia vyumba na baraza, zitalipia uzamili wake na chakula chake. Kiwanja kitasubiri. Najua mama ataumia, maana alitaka kuhama kabla ya masika mengine hayajampitia kwenye lile paa. Mama, nisamehe. Nitatuma ya bati kwanza, nyumba itafuata.

Na wewe kitinda mimba, najua unasoma hapa kimya kimya. Sikupi bure. Siku utakapokaa kwenye meza yako ya chuo, watu wa programu watakuja na bahasha, watakuomba uandike kwamba hesabu zao ni safi. Siku hiyo umkumbuke Shangazi alivyokaa ndani wiki mbili. Ukishindwa kumkumbuka, nitakuja mwenyewe na fimbo, hata kama una joho!

Nimemaliza, jipu limetumbuka. Wenye kubisha mbisheni hapo chini kwenye maoni, si kunipigia mama simu usiku. Mimi sasa nakwenda kulala, kesho naanza zamu za mchana.

Dada yenu, Wattaya, Maskati.